Kati ya Kidole na Ukurasa

Mtu anasoma habari ndani ya programu ya simu, anagusa maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari, na ukurasa mwingine unakuja. Kwake hilo ni tendo moja: amegusa, kumefunguka. Kumbe hapo katikati pana uamuzi, na kuna mtu aliyeuandika. Kuna fundi aliyejiuliza mapema: huyu akigusa kiungo hiki, abaki humu au apelekwe nje? Ukurasa ukichelewa, aone nini? Mtandao ukikatika, aambiwe nini, na kwa lugha gani? Nataka kuisifu kazi ya fundi huyo. Ikifanywa vizuri haionekani kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna anayeitaja tunapohesabu mambo mazuri yaliyofanywa kwenye simu zetu.

Programu nyingi tunazozitumia, za benki, za magazeti, za maduka, za mazungumzo, hubeba ndani yake kivinjari kidogo kisicho na nembo wala mahali pa kuandikia anwani. Kwenye Android kinaitwa WebView. Kwenye iPhone ni WKWebView, kilichokuja na iOS 8 mwaka 2014. Watu wengi walikuja kujua kwamba kipo siku kilipoharibika: Machi 2021 lilisambazwa toleo la WebView lenye kasoro, na katika nchi nyingi programu za Android, Gmail ikiwemo, zikawa zinajifunga zenyewe kila zikifunguliwa.

Ukikipachika kivinjari hicho kwenye programu ya Android bila kukipa maelekezo yoyote, kiungo cha kwanza kitakachoguswa humtoa msomaji nje. Mfumo wa simu hutafuta programu nyingine inayoweza kuifungua anwani ile, kwa kawaida kivinjari kamili, na kumpeleka huko. Alikuwa kwenye gazeti lake, sasa yuko kwenye Chrome na hajui amefikaje. Ndiyo maana fundi huweka bawabu mlangoni. Kila kiungo kinapoguswa, WebView humwita bawabu huyo kwa jina refu, shouldOverrideUrlLoading, humkabidhi anwani na kusubiri jibu la neno moja. Jibu lenyewe limegeuzwa kidogo: ndiyo maana yake ni "niachie mimi, wewe usiendelee", na hapana maana yake ni "endelea, upakie ukurasa". Nimeona mifano mingi ya kufundishia ambayo humfanya bawabu aipokee anwani, aamuru ipakiwe upya, kisha ajibu ndiyo. Ukurasa hufunguka, na mwanafunzi huondoka akidhani amejua. Kilichotokea ni kwamba safari iliyokwisha kuanza imekatishwa ili ianzishwe nyingine ya kwenda kule kule. Maelekezo ya Google yenyewe yanakataza jambo hilo. Mwenye kuijua kazi hujibu hapana, na kukaa kando.

Kwenye iPhone swali ni lile lile, ila Apple wameliwekea sharti ninaloliheshimu sana: anayeulizwa haruhusiwi kunyamaza. Mfumo humpa njia ya kujibu, na asipoitumia, programu nzima husimamishwa na kosa kutajwa waziwazi. Napenda ukali huo, kwa sababu msomaji aliyegusa kiungo ana haki ya kujibiwa, hata kama jibu ni kukataliwa. Hata hivyo iPhone hiyo hiyo ina mahali pake pa kimya. Kiungo kilichoandikwa kifunguke katika dirisha jipya, kikiguswa ndani ya WKWebView ambayo haikuandaliwa dirisha la pili, hakifanyi lolote. Hakuna ukurasa, hakuna kosa, hakuna neno. Mtu hugusa tena, akabonyeza kwa nguvu zaidi, akadhani kioo cha simu kimeharibika. Fundi makini hulijua shimo hilo na kulifukia kwa mistari michache ya msimbo: akiona kiungo kinadai dirisha ambalo halipo, hukifungulia pale pale.

Si kila kiungo kinaelekea kwenye ukurasa. Vipo vya kupiga simu, vya kuandika barua pepe, vya kufungua WhatsApp, vya kuonyesha mahali kwenye ramani. WebView haivijui hivyo. Ikiachiwa, huonyesha maandishi ya kosa kwamba aina hiyo ya anwani haifahamiki. Hapa fundi wa kwetu anakutana na jambo lenye uzito wake katika nchi ambazo pesa hutembea kwa namba za nyota na reli. Mfanyabiashara wa Tanzania anaweka kwenye ukurasa wake kiungo cha kufungulia menyu ya M-Pesa ya Vodacom, *150*00#, ili mteja asihangaike kuandika. Sasa reli ile ya mwisho, katika kanuni za anwani za intaneti, ni alama inayotenganisha anwani na kipande cha ndani ya ukurasa. Isipoandikwa kwa umbo lake la kificho, %23, hukatwa njiani. Mteja hufika kwenye sehemu ya kupigia akiwa na namba isiyo na mwisho, hupiga, na menyu haiji. Atasema mtandao unasumbua. Fundi anayeijua alama moja hiyo anawaondolea wateja wengi lawama wanayoitupia kampuni ya simu bure.

Palepale kuna jambo kubwa zaidi. Android inatoa njia mbili za kukabidhi namba: moja huipiga papo hapo kwa ruhusa maalumu, nyingine huiweka tu kwenye sehemu ya kupigia na kumwacha mwenye simu abonyeze mwenyewe. Mimi nasema daima itumike ya pili. Septemba 2012, katika mkutano wa usalama wa Ekoparty jijini Buenos Aires, mtafiti Ravishankar Borgaonkar alionyesha jinsi ukurasa wa kawaida wa tovuti ulivyoweza, kwa kiungo cha namba kilichofichwa ndani yake, kuifanya simu ya Samsung itekeleze msimbo wa kufuta kila kitu kilichomo. Mwenye simu hakuhitaji kubonyeza namba yoyote. Sehemu ya kupigia iliupokea msimbo na kuutii. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini funzo lake ni la kila fundi anayeruhusu viungo vya namba vipite. Namba ni amri, na amri inayogusa pesa au kumbukumbu za mtu haitekelezwi kabla hajaiona na kuibonyeza kwa kidole chake.

Bawabu hana budi pia kujua kusoma jina. Programu ya gazeti inataka kurasa zake zifunguke ndani na za wengine zifunguke nje. Fundi wa haraka huangalia tu kama jina la gazeti limo mahali fulani kwenye anwani. Lakini anwani yaweza kuanza na jina la gazeti lenu na kuishia kwa jina la mtu mwingine kabisa, na mwenye tovuti husomwa kutoka mwisho wa jina, si mwanzo. Anayetenganisha jina la tovuti na kulilinganisha herufi kwa herufi ameziba njia ambayo matapeli huipenda. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna atakayempongeza.

Ukurasa ukisharuhusiwa, kunabaki kungoja, na kungoja nako kuna ufundi wake. WebView hutoa taarifa kwamba ukurasa umeanza, hutoa asilimia kutoka sifuri hadi mia, kisha husema umekwisha. Wengi huufunika ukurasa kwa duara linalozunguka hadi taarifa hiyo ya mwisho ifike. Nadhani hilo ni kumnyima msomaji haki yake. Mara nyingi maandishi yameshafika na yangesomeka, huku kinachosubiriwa ni tangazo au picha iliyo chini kabisa ya ukurasa. Zaidi ya hayo, taarifa ya mwisho haina maana ambayo jina lake linadai: Google wenyewe wanaeleza kwamba kumalizika kwa kupakia si hakikisho kwamba kinachoonekana kwenye kioo ni ukurasa mpya. Kwa hiyo tangu Android 6 ya mwaka 2015 kuna taarifa nyingine, inayosema kwamba mabaki ya ukurasa wa zamani hayatachorwa tena na yaliyomo mapya yako tayari kuonekana. Hiyo ndiyo saa ya kuliondoa duara. Kwa anayesoma akiwa ndani ya basi la Morogoro, mtandao unakuja na kuondoka, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo tofauti ya kusoma habari na kutazama duara.

Kitufe cha kurudi nyuma nitakitaja kwa ufupi, ingawa kimewaudhi watu wengi. Aliyefungua kurasa kadhaa akabonyeza kurudi anatarajia ukurasa uliotangulia. Fundi asipouliza kwanza kama kivinjari kina pa kurudi, programu inaweza kuifunga skrini nzima na msomaji kuanza upya. Swali hilo ni mstari mmoja wa msimbo.

Kuna wakati kazi bora ya bawabu ni kumwachia mgeni aende. Programu iliyopachika kivinjari inaweza kuingiza maelekezo yake ndani ya ukurasa wowote unaofunguliwa humo, ikasoma kinachoandikwa. Agosti 2022 Felix Krause, fundi wa programu, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kwenye iPhone programu za Instagram na Facebook zilikuwa zikiingiza msimbo wake katika tovuti za watu wengine zilizofunguliwa ndani yake. Meta, wenye programu hizo, walieleza kwamba msimbo ule ulisaidia kuheshimu chaguo la mtumiaji kuhusu kufuatiliwa. Iwe hivyo; bado uwezo wenyewe upo, na msomaji hana njia ya kujua unatumikaje. Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa Oktoba 2017, RFC 8252, unakataza programu kumwingiza mtu kwenye akaunti yake kupitia kivinjari kilichopachikwa, na Google nao mwaka huo waliacha kuruhusu akaunti zao ziingiwe kwa njia hiyo. Njia mbadala ipo tangu 2015: Chrome ilileta dirisha lake linalofunguka juu ya programu bila programu kuona kilichomo, na Apple wakaleta la Safari. Fundi anayemtuma mtu huko aandike nywila yake amekubali kutoona. Hilo nalihesabu kuwa heshima kubwa kuliko rangi na michoro yote ya programu yake.

Ukali wa namna hiyo unahitajika pia pale cheti cha usalama cha tovuti kinapokuwa na kasoro. WebView ikiachwa ilivyo huikatisha safari. Kwa mstari mmoja fundi anaweza kuiamuru iendelee, na wapo wanaouweka ili majaribio yao ofisini yasikwame, kisha programu ikatoka nao hadi kwa wateja. Google Play huikamata kasoro hiyo na kuizuia programu. Naona wana haki.

Na mwisho mtandao hukatika. WebView ina ukurasa wake wa kosa: maneno ya jumla, anwani ndefu, na msimbo wa herufi kubwa za Kiingereza. Mama anayefuatilia ada ya mtoto kwenye programu ya shule hana la kufanya na maandishi hayo. Fundi mwema huyaondoa na kuandika kwa Kiswahili cha mtu kwa mtu: "Mtandao umekatika. Hujapoteza kitu. Ukiwa tayari, gusa Jaribu tena." Lakini kabla hajauweka ukurasa huo lazima aulize nini hasa kimeshindikana. Tangu Android 6, taarifa ya kosa huja kwa kila kipande kinachokosekana, hata kialama kidogo cha pembeni. Asiyechuja hufuta ukurasa mzima uliokuwa unasomeka, kwa sababu ya picha moja isiyohitajika. Kosa la ukurasa wenyewe ndilo linalostahili kusimamisha usomaji. Mengine yapite kimya. Na anwani iliyoshindikana ihifadhiwe, ili mama akigusa Jaribu tena afike kwenye ukurasa wa ada aliokuwa anauomba, si ule wa mwanzo wenye picha ya jengo la shule.