Pongezi kwa Mafundi wa Fazi Tatu, Bunia
Kituo cha umeme wa maji cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Leo, mbali na umeme huo, maduka na zahanati za Bunia zinategemea pia sola, na hapo fundi umeme anastahili sifa zake. Inveta ya fazi tatu ya kilowati 30 kwa kawaida hutoa kilowati 10 tu kwa kila fazi. Ukirundika friji, pampu na pasi kwenye fazi moja, inveta inazima huku fazi nyingine mbili zikikaa bure. Fundi hodari hubana waya wa kila fazi kwa kipimo cha mkondo saa za jioni, vyombo vyote vikiwa vinafanya kazi, ndipo ahamishe saketi kutoka fazi iliyolemewa. Friji ya chanjo ya zahanati inamtegemea. Mlipeni pia kwa muda wa kupima, si kwa nyaya peke yake.