Mbunge wa Orlando na maelfu ya dosye: kusaidia ni vizuri, lakini sheria iko wapi?



Siku moja nilipeleka dosye yangu ya kazi ku biro ya mbunge mmoja wa huku kwetu. Walinipokea vizuri, wakanipa hata franga za moto. Nilirudi nyumbani nikimsifu. Kazi sikupata, na mwenzangu aliyekuja nyuma yangu alikuta mlango ule ule na shida ile ile. Ndiyo maana nilipofuatilia kazi ya Anna Eskamani, mbunge wa Orlando katika Bunge la jimbo la Florida, kule Marekani, nilifurahi kwanza, kisha nikaanza kujiuliza.

Kule kila jimbo liko na bima ya watu waliopoteza kazi. Si sadaka. Mwajiri ndiye analipa kodi yake, na Florida inahesabiwa kwa dola 7,000 za kwanza za mshahara wa kila mfanyakazi kwa mwaka. Ukiondolewa kazini bila kosa lako, unapata kitu kila juma wakati unatafuta kazi ingine.

Lakini Florida ilibana sana. Malipo ya juu yalibaki dola 275 kwa juma tangu 1998. Sheria ya 2011 ilifanya majuma yategemee hali ya kazi katika jimbo: hali ikiwa nzuri, unapata 12 tu. Mwaka wa 2013 wakaleta CONNECT, programu ya kuomba malipo kwa intaneti, iliyokula dola milioni 77 hivi. Covid ilipofunga mahoteli mwaka wa 2020, programu ikaanguka. Gavana Ron DeSantis mwenyewe alikubali kwamba ilitengenezwa kwa namna ya kuchosha watu mpaka waache kuomba.

Hapo Eskamani akageuza biro yake kuwa gishe. Yeye, wafanyakazi wake na wenye kujitolea walifuata dosye za maelfu ya watu, moja moja, hata za watu wasio wa eneo lake. Kwa hiyo namuvulia kofia.

Lakini niko na swali. Aliyejua jina lake alisaidiwa. Na yule mama asiyejua aandikie nani? Haki ikipitia simu ya mtu mmoja mwema, imeshageuka bahati. Mwaka wa 2021 Sénat ya Florida ilipitisha pendekezo la kupandisha malipo mpaka dola 375. Chumba cha Wawakilishi, ambamo Eskamani anakaa na chama chake ni kidogo, hakikufuata. Dosye nyingi zilifunguka, sheria ikabaki palepale.

Je, kosa ni lake? Mie nasema hapana, si lake peke yake. Alidai malipo yapande, na hadithi za watu alizozikusanya ndizo zilimpa nguvu ya kusema. Mbunge asiyesikiliza watu hawezi kujua sheria inaumiza wapi. Ila kusikiliza ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kura, na kura haitoki bila watu kumsukuma kila mbunge, si yule mzuri tu.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya 2016 ya CNSS inashughulika na pensheni, hatari za kazini na malipo ya familia. Mtu aliyepoteza kazi hayumo. Na tusijidanganye: hata bima kama ya Florida ingekuja kesho, mwenye diplome ambaye hajawahi kufanya kazi asingepata kitu, juu inalipa aliyekuwa na mshahara. Sisi tungehitaji sheria ingine, ya kazi ya kwanza.

Basi wabunge wakija kwenye likizo ya Bunge, tusiwaombe franga za moto tu kama nilivyozipokea mie. Tuwaulize: umeandika pendekezo gani, na ulipiga kura namna gani?

Wenzangu, ninyi mliuliza lini mara ya mwisho?