Dirisha Moja, Miaka 14: Jinsi Josef Sudek Alivyoupiga Picha Utulivu

Picha nyingi zinazosifiwa kwa utulivu hupigwa mahali palipokwisha kutulia: ufuo usio na mtu, jua linazama, ngalawa moja kwa mbali. Hapo mpigapicha amefanya kazi ya kufika tu. Anayetaka kujua utulivu unavyotengenezwa ndani ya picha afadhali amtazame mtu aliyepiga dirisha la chumba chake cha kazi, katika mji uliokaliwa na jeshi la kigeni, kwa kamera ambayo hata mwenye mikono miwili humsumbua. Yeye alikuwa na mmoja.

Josef Sudek alizaliwa mwaka 1896 huko Kolín, mashariki ya Praha, akajifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Vita Kuu vya Kwanza vikampeleka medani ya Italia, na mwaka 1917 akajeruhiwa mkono wa kulia, ukakatwa. Kujalidi kukaishia hapo. Alipata pensheni ya walemavu wa vita, akasomea upigaji picha Praha, na kuanzia mwaka 1927 akawa na studio yake mwenyewe: kibanda cha mbao ndani ya ua, mtaa wa Újezd. Dirisha lake lilitazama bustani ndogo yenye mti uliopindapinda. Hiyo ndiyo mandhari yote. Tangu 1940 hadi 1954 alilipiga dirisha hilo katika mvua, theluji, majani mapya na majani makavu, na mfululizo huo ukajulikana kama Dirisha la Studio Yangu.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vita vilimfungia ndani. Wajerumani waliingia Praha Machi 1939, na mtu mwenye kamera kubwa barabarani hakuwa salama. Kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Vita viliisha Mei 1945, naye akaendelea na dirisha lilelile miaka 9 zaidi. Hakuna aliyemzuia kutoka tena. Aliendelea kwa sababu alikuwa amepata njia ya kufanya kazi, na njia hiyo inaweza kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilitokea chumba cha giza, si dirishani. Mwaka 1940 Sudek aliona picha ya zamani ya sanamu ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kama sentimita 30 kwa 40, iliyosafishwa bila kukuzwa: karatasi imelazwa moja kwa moja juu ya negativi ya ukubwa uleule, zikabanwa pamoja chini ya kioo, zikapigwa mwanga. Tangu hapo aliiacha mashine ya kukuzia picha. Negativi ikiwa ya sentimita 13 kwa 18, picha nayo itatoka 13 kwa 18.

Uamuzi huo unaonekana mdogo, ila ndio uliobeba mengine yote. Filamu ya kamera ndogo iliyozoeleka ina milimita 24 kwa 36, yaani sentimita 8.64 za mraba. Ya 13 kwa 18 ina 234, mara 27 zaidi. Ukiikuza ile ndogo, unakuza na chembe za fedha zilizoijenga picha, na lenzi ya mashine inapunguza kidogo wepesi wa kupita kutoka kijivu kimoja hadi kingine. Picha inaanza kuwa na mchanga. Isiyokuzwa haina mchanga huo. Kijivu cha ukungu kinateleza hadi kijivu cha shina la mti pasipo kujikwaa popote, na jicho, likikosa chembe za kugombana nazo, linapunguza mwendo. Sidhani kama dirisha lenye ukungu lingestahimili kukuzwa mara 10. Ukungu ungegeuka chengachenga.

Kuna jambo la pili, na wengi hulipita. Picha ya 13 kwa 18 haiwezi kutazamwa kutoka upande wa pili wa chumba. Lazima uisogelee, na mara nyingi uishike. Sudek alikuwa amemchagulia mtazamaji mahali pa kusimama.

Sasa dirisha lenyewe. Hewa ya ndani yenye joto na unyevu ikigusa kioo kilichopozwa na baridi ya nje, unyevu hugeuka matone. Chumba kidogo kinachokaliwa na mtu wakati wa baridi hutoa matone hayo kila asubuhi bila kuombwa. Kila tone ni lenzi ndogo: linaupinda mwanga, linautawanya, na lililo kubwa kidogo linauonyesha mti miguu juu. Kwa hiyo kabla mwanga haujafika kwenye kamera, kioo kimekwisha kuufanyia kazi. Mti umepoteza matawi madogo, ukuta wa nyuma umepoteza matofali, na kilichobaki ni maumbo.

Kamera ikaongeza lake. Kwa negativi ya 13 kwa 18, lenzi ya kawaida ina urefu wa fokasi wa milimita 210 hivi, na lenzi ndefu kiasi hicho ikitazama kitu cha karibu huona kwa ukali ukanda mwembamba tu. Ukiweka fokasi kwenye kioo, matone yatachongeka na mti utayeyuka. Ukiiweka kwenye mti, kioo kinakuwa pazia. Mpigapicha wa mandhari angekwepa uchaguzi huu kwa kubana tundu la lenzi mpaka vyote viwe vikali. Katika picha nyingi za mfululizo huu Sudek alikubali kuchagua, na mara kwa mara alikichagua kioo. Sisi tumo ndani pamoja naye, na dunia iko ng'ambo. Utulivu wa picha hizi unatoka kwenye umbali huo kuliko kwenye mti.

Kubana tundu nako kuna gharama yake. Kutoka f/8 hadi f/32 mwanga hupungua mara 16. Kilichotaka sekunde 1 sasa kinataka 16, na kwa kuwa filamu hupoteza usikivu inapopokea mwanga kwa muda mrefu, unaongeza tena juu ya hizo. Ndani ya muda huo tone linaweza kuteremka na tawi kuyumba. Ndipo siku zenye hewa iliyosimama zinapokuwa na thamani, na mtu anajifunza kungoja. Ongeza hapo ulemavu: kutia sahani ya filamu, kuvuta kifuniko, kukaza skrubu za miguu mitatu, vyote kwa mkono wa kushoto, na waliomfahamu walieleza kwamba meno yake nayo yalisaidia. Mtu wa namna hiyo hapigi picha 200 kwa asubuhi. Simsifu kwa mateso. Nasema tu kwamba wingi haukuwa silaha yake, ikabidi uchaguzi ufanyike kabla ya kufyatua.

Kisha rangi, au tuseme kukosekana kwake. Kitabu chochote cha kuanzia kitakwambia picha nzuri ya nyeusi na nyeupe iwe na nyeusi kamili, nyeupe kamili, na kijivu cha kutosha katikati. Sudek alivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Picha zake nyingi za dirisha zimesafishwa kuelekea giza, nyeupe safi haimo au imo kwa ncha ya sindano. Sababu ni ya kimaumbile: jicho hukimbilia sehemu yenye mwanga mkali na pale weusi na weupe vinapogongana. Ondoa mgongano huo na jicho halina pa kukimbilia, linaanza kutembea. Mwanzoni unaona giza tu. Baada ya kitambo unaibuka ukingo wa dirisha, kisha shina, kisha labda jengo nyuma yake. Wahariri wengi wa leo wangeirudisha picha kama hiyo wakisema haina mwanga.

Kuhusu marudio sina mengi ya kusema, kwa sababu kanuni ni nyepesi: fremu ikibaki ileile, mabadiliko madogo yanakuwa tukio. Theluji kwenye tawi moja ni habari. Hiroshi Sugimoto naye ameitumia kanuni hiyo tangu 1980 kwa bahari, upeo wa macho ukiikata picha katikati, hewa juu na maji chini, nchi baada ya nchi. Tofauti ni kwamba Sugimoto alisafiri dunia ili apate fremu ileile. Sudek hakuvuka kizingiti. Na baada ya 1954 hakuliacha dirisha kabisa: picha ya mawaridi ndani ya glasi ya maji, matone yakiwa kwenye kioo nyuma yake, ni ya mwaka 1956.

Anayetaka kujaribu hana haja ya kwenda Praha wala kutafuta kamera ya mbao. Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe, Lushoto au Limuru vioo hufunga ukungu vyenyewe. Mahali penye joto, mvua itatosha. Kinachohitaji kuzuiwa ni simu, maana imeundwa kupinga karibu kila uamuzi wa Sudek. Ikiona kioo chenye matone, fokasi itahangaika kati ya kioo na nje: gusa kioo kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi ijifunge. Ikiona kijivu kingi, itadhani picha ina giza na kuing'arisha: shusha mwanga kwa kidole mpaka nyeupe zote zigeuke kijivu. Zima HDR, ambayo kazi yake ni kufukua vivuli vyote kwa wakati mmoja. Usivute kwa vidole kusogeza kitu karibu, kwani huko ni kukuza, na chengachenga zitarudi, sogea wewe. Nami ningependekeza picha isafishwe kwa karatasi isiyong'aa, saizi ya postikadi. Tahadhari ni moja: mashine nyingi za studio hurekebisha mwanga zenyewe, na giza ulilolipigania asubuhi nzima litafutwa kwa nusu sekunde, hivyo mwambie fundi azime marekebisho kabla hajabonyeza.