Chupa ya DOT 4 iliyoharibu kazi nzuri

Ukiitoa dakika moja tu, kazi ya Jumamosi kwenye kibaraza kimoja cha Arusha ilikuwa ya kupigiwa mfano. Foki ya mbele ya baiskeli ilifunguliwa kwa utaratibu, sili mpya zikaingia bila mkwaruzo, sponji zikaloweshwa mafuta, na upepo ukajazwa kwa pampu ya shokapu hadi mwendeshaji alipopanda, foki ikakaa chini milimita 30 kati ya 120 za mwendo wake. Hapo hakuna la kulaumu.

La kulaumu ni lile la breki ya mbele, na waliokuwepo wanalijua.

Kalipa ilikuwa imeshafunguliwa, padi zimetolewa, kabari ya plastiki imekaa katikati ya pistoni, na sindano iko tayari mkononi. Ndipo ikaonekana kwamba chupa ya minerali oili ya Shimano ina matone tu. Uamuzi wa maana ulikuwa mmoja: kufunga, kutundika ufunguo na kuagiza mafuta yanayotakiwa. Badala yake kijana akatumwa duka la vipuri vya magari, akarudi na chupa ya DOT 4. Mtazamaji mmoja alihoji. Akajibiwa, "Kaka, si yote ni mafuta ya breki?" Jibu likawatosha wote, wakati kifuniko cha tangi dogo kwenye usukani, kilichofunguliwa kwa bisibisi dakika chache kabla, kililala juu ya kitambaa kikiwa na jina la mafuta yake limechapwa juu ya chuma. Hakuna aliyekigeuza akasoma.

Kibaya zaidi, mkono wa breki ulikaza pale pale. Makofi yakapigwa. Lakini DOT 4 ingekaza hata kama ingekuwa sumu, kwa sababu kimiminika chochote kisicho na hewa husukuma pistoni. Shughuli huanza baadaye, kwenye sili. DOT hutengenezwa kwa glaikoli, na breki zake huwekewa sili za mpira uitwao EPDM. Breki za minerali oili hutumia mpira wa jamii nyingine, kwa kawaida naitraili, ambao ukikaa ndani ya glaikoli huvimba na kulegea. Ukibadilisha upande, madhara ni yale yale: minerali oili huivimbisha EPDM vibaya sana. Sili iliyovimba huibana pistoni isirudi. Padi hubaki zikisugua diski, gurudumu huzunguka kwa kulalamika, na mkono wa breki hurudi kwa uvivu. Kumwaga mafuta na kuosha kwa sabuni hakuirudishi sili katika umbo lake.

Watetezi wa chupa ile wamekuja na hoja ya joto. Kweli, DOT 4 mbichi hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, na iliyokwisha kunywa unyevu isichemke chini ya 155. Ila baiskeli ile haikuletwa kwa sababu breki zilichemka. Ililetwa kwa sababu mkono wa mbele ulikuwa unazama mpaka kwenye mpini asubuhi, kisha unakaza ukibonyezwa mara kadhaa.

Hapo ndipo lilipo kosa la pili, lililozaa la kwanza. Hakuna aliyeuliza baiskeli ilikuwa imewekwaje usiku. Ikisimamishwa kichwa chini, hewa iliyokuwa imetulia juu ya tangi huingia kwenye bomba. Mara nyingi dawa ni kuisimamisha wima, kuubonyeza mkono taratibu mara nyingi, kisha kuufunga kwa mpira hadi asubuhi ili mapovu yapande yenyewe. Dalili zenyewe hujieleza: mkono unaokaza ukipampuliwa unasema kuna hewa, mkono mgumu usiosimamisha baiskeli unasema padi zimeingia mafuta, mkono unaozama polepole ukiushikilia unasema kuna sili inayovuja. Dakika tano za kubonyeza zingetosha, na sindano isingetoka kwenye boksi.

Mafundi wa baiskeli za Phoenix waliokaa chini ya miembe na spana tatu hawakuwahi kutoa upepo kwenye breki, maana zilikuwa za fito. Lakini walivuta mkono kwanza, wakatazama mpira unagusa rimu wapi, wakazungusha gurudumu, ndipo wakashika nati. Katika daraja la juu kabisa, Nicolas Vouilloz wa Ufaransa alichukua mataji saba ya dunia ya wakubwa katika mbio za kushuka mlima kati ya 1995 na 2002, na sifa yake kubwa, mbali na miguu, ilikuwa subira ya kupima na kurekebisha chombo chake. Vizazi vya sasa vina vifaa bora kuliko vyake, lakini vinakimbilia sindano.

Lawama nyingine, ambayo safu hii haijachoka kuirudia, ni ya wauzaji wanaopanga kila chupa chini ya kibao kimoja cha mafuta ya breki. Mnunuzi naye hana kisingizio, kwani hata jina la kampuni halitoshi siku hizi. SRAM wanatumia DOT kwenye Code, lakini DB8 na Maven, iliyotoka 2024, zinakwenda kwa minerali oili. Hope wanatumia DOT. Magura wana minerali oili yao ya rangi ya buluu. Na DOT 5, licha ya namba yake, ni ya silikoni. Haichanganywi na 4 wala 5.1. Kinachoaminika ni maandishi ya kwenye breki yenyewe na kitabu chake. Rangi haiaminiki, na kumbukumbu ya rafiki haiaminiki zaidi.

Kwa baiskeli ile, mkono na kalipa ya mbele ni vya kubadilishwa, pamoja na bomba lake. Padi zikiwa zimerushiwa tone, nazo zitupwe. Diski ifutwe kwa spiriti safi. Rangi ya foki ioshwe kwa maji mengi leo, kwa sababu DOT hula rangi.

Halafu kuna breki ya nyuma, ambayo hakuna aliyeizungumzia. Ilitolewa upepo mwisho, kwa matone ya minerali oili yaliyosalia, na kwa sindano ile ile iliyotoka kunyonya DOT 4 bila kuoshwa. Mwenye baiskeli anaiamini kwa sababu inakaza. Afungue tangi la nyuma kabla hajapanda, na kama haamini anachokiona, ahesabu bei ya seti mbili badala ya moja.