Kijiti cha sentimita 35

Mzee aliyekuja kunikatia kuni mwezi Juni, huku kwetu Njombe, hakuyagusa magogo. Yalikuwa yamelala uani, miwati iliyokwisha kubanduliwa magome, na msumeno alikuwa nao begani. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, nionyeshe jiko kwanza."

Jiko langu ni jiko banifu la udongo, lenye mlango wa bati. Alipiga goti, akaingiza kijiti kibichi mpaka kikagonga ukuta wa nyuma, akakitia alama kwa kisu pale mlango unapofungia. Alipokitoa alipunguza upana wa vidole vitatu, akakikata. Nilichukua tepu nikapima: chumba cha moto kina sentimita 40, kijiti kina 35. Kuanzia hapo tepu haikutumika tena, na kazi yote ya siku mbili ilitoka kwenye kijiti hicho.

Mafiga hayakuwahi kudai kipimo. Kuni ya mita moja na nusu inawekwa ncha yake motoni, mkia unabaki nje, na mpishi anaisukuma kadiri inavyoliwa. Urefu ni shauri la mbebaji. Jiko lenye mlango ni jambo jingine. Kuni ikizidi kwa vidole viwili tu, mlango haufungi, hewa baridi inaingia kwa wingi kuliko moto unavyohitaji, chumba kinapoa na moshi unarudi usoni. Watu wengi niliowasikia wakililaumu jiko banifu kwa moshi walikuwa wakipika mlango wazi, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya kuni ndefu.

Kuni zetu zilikuwa ndefu tangu zamani, na chanzo ni shoka. Shoka haliwezi kukata gogo kwa mstari mwembamba; linachimba pengo la umbo la V, na ili lifike katikati, mdomo wa pengo hilo unakaribia kuwa sawa na unene wa gogo lenyewe. Gogo la sentimita 20 ukilikata kwa shoka kila sentimita 35, sehemu kubwa ya mti inaishia kuwa vibanzi chini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kujitesa hivyo. Msumeno wa mkono unakula milimita mbili au tatu kila mkato, wa mnyororo karibu milimita nane, na hapo ndipo kuni fupi zinapokuwa na maana. Shoka linabaki na kazi yake inayolifaa, kupasua.

Sasa upimaji wenyewe. Kosa ambalo nimelifanya miaka mingi ni kukata kipande cha kwanza, kisha kukitumia kupimia cha pili, na cha pili kupimia cha tatu. Kila mara mkono unaongeza kidogo. Ukiongeza sentimita moja tu kila hatua, kipande cha kumi na moja kina 45, nawe huoni, maana kinafanana na jirani yake. Mzee hakupimia kipande chochote. Alilaza kijiti kilekile juu ya gogo, akachora kwa mkaa, akakisogeza mpaka alama, akachora tena, hadi mwisho, kabla ya kuvuta msumeno hata mara moja. Na alikata upande uleule wa kila alama.

Kosa kubwa kuliko hilo ni mshazari. Msumeno ukiinama nyuzi 10 kwenye gogo la sentimita 20, upande mmoja wa kipande unazidi mwingine kwa sentimita tatu na nusu, hata kama alama ilikuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo alitumia muda mwingi kuliweka gogo kuliko kulikata. Alilipandisha juu ya miti iliyofungwa kama herufi X, sehemu ya kukatwa ikining'inia nje, ili kipande kikianza kushuka njia ya msumeno ifunguke. Gogo lililoegemea huku na huku linajikunja katikati na kuubana msumeno, na mkataji aliyebanwa huanza kupindisha mkono.

Tulitofautiana jambo moja. Gogo la mita 2.60 linatoa vipande saba vya 35 na mabaki ya sentimita 15. Nilimwambia tugawe kwa saba sawasawa, vipande vya 37, jiko linavipokea. Alikataa. "Ukiwa na vijiti viwili, jioni hujui umeshika kipi." Mabaki yalikwenda kwenye rundo lake, na ndiyo ninayowashia moto asubuhi. Nakubali alikuwa sahihi.

Usawa huu una fedha ndani yake pia. Mwaka juzi niliuziwa kuni kwa rundo, mita moja kwenda juu na mita moja upana, nikiambiwa urefu ni 40. Rundo linaonyesha uso wake tu. Zikiwa na 35, mnunuzi amepoteza asilimia 12.5 kabla ya kuhesabu mapengo, na hata rundo lililopangwa vizuri, kiasi cha theluthi yake ni hewa. Zangu zilikuwa za kila urefu, na nilikuja kugundua nyumbani.

Halafu kukauka. Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Kuni nzuri ya kupikia imeshuka hadi karibu asilimia 20. Maji hutoka upesi zaidi kwa kufuata nyuzi, yaani kupitia ncha, kuliko kukata ubavuni. Kuni zenye urefu na unene mmoja hufika pamoja. Zangu zilipangwa Juni chini ya bati, pande wazi kwa upepo, na kufikia Oktoba ncha zilikuwa zimepasuka kama nyota. Ukigonganisha mbili zinalia.

Kijiti nimekitundika kando ya jiko. Kilikatwa kibichi, nami niliogopa kitafupika kikikauka. Mti husinyaa unene, lakini urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kimekuwa chembamba na kimepinda kidogo ubavuni. Nimekipima tena wiki hii kwa tepu: 35.