Hali ya Kitenzi katika Kifaransa: Uhakiki wa Jedwali

Vitabu vingi vya sarufi ya Kifaransa humpa mwanafunzi, kabla ya jambo jingine, jedwali la nafsi sita na viishio vyake. Desturi hiyo ilirithiwa kutoka sarufi ya Kilatini. Twaihakiki hapa kwa kumfikiria mwanafunzi wa Bute, kaskazini mwa Wajir, ambako Kioromo cha Waborana na Kisomali husemwa nyumbani, na Kiswahili na Kiingereza hufundishwa shuleni.

Jedwali lenyewe halimtishi. Katika Kioromo nafsi huonekana mwishoni mwa kitenzi: deema 'naenda', deemta 'unaenda', deemna 'tunaenda'. Ila ya jedwali ni kuyahesabu maandishi kuwa ndiyo lugha. Parle, parles na parlent ni maumbo matatu kwa jicho; kwa sikio ni moja tu. Kinachobainisha nafsi hapo ni je au tu inayotangulia, karibu sawa na ni- na u- za Kiswahili.

Ila kubwa zaidi yahusu hali. Subjonctif huahirishwa hadi mwishoni mwa kitabu, kana kwamba ni pambo la wateule. Lakini asemaye "nataka kwenda" na "nataka uende" ametenganisha jambo lile lile ambalo Mfaransa hulitenganisha kwa je veux partir na je veux que tu partes. Msomali naye ana ha tago 'aende', na mwenye Kioromo ana haa deemu. Maana wanayo tayari. Wakosacho ni umbo.

Hata hivyo, ulinganishi huu usipitishwe kiasi. Kiswahili husema "nimefurahi kwamba amekuja", kwa kuwa tendo limekwisha kutukia. Kifaransa, ajabu kidogo, hudai subjonctif hata hapo: je suis content qu'il soit venu. Vivyo hivyo "sidhani kama atakuja" huwa je ne pense pas qu'il vienne. Hapa ndipo mwalimu apaswapo kukawia, si penye viishio.

Katika sharti mambo hugeuka. Kiswahili hurudia -nge- pande zote mbili: "ningekuwa na fedha ningenunua". Kifaransa hubagua: si j'avais de l'argent, j'achèterais. Mwanafunzi atakayeihamisha -nge- yake atasema si j'aurais, kosa ambalo hata watoto wa Ufaransa hukemewa kwalo.