Nywele Hazitiririki: Uteuzi wa Vitenzi vya Kiingereza katika Usawiri wa Wahusika Wetu

Wahakiki wetu humaliza wino wakijadili dhamira na falsafa ya mwandishi, lakini kitenzi hupita mlangoni bila kuulizwa hata jina. Makala hii inakusudia kukisimamisha kitenzi kimoja, kile cha Kiingereza kinachoeleza nywele za mtu.

Hebu tuangalie hadithi fupi tunazoandika sisi wanafunzi kwa Kiingereza. Msichana ni wa Mbagala, anagombania daladala, anakula chipsi mayai. Mwandishi akifika kichwani, ghafla nywele zina-“cascade” mabegani, zina-“flow”, upepo ukivuma zina-“ripple”. Jamani, huyu msichana ni wa wapi? Vitenzi vyote vitatu ni vya maji. “Cascade” yenyewe ni maporomoko, neno lililotoka Kiitalia likapitia Kifaransa. Vinazifaa nywele za singa, zinazoshuka kwa uzito wake. Za kipilipili hujikunja na kusimama. Kwa hiyo kosa si la msamiati tu: mwandishi amembadilisha mhusika kichwa bila kutuarifu.

Wapo watakaosema Kiingereza hakina vitenzi vya nywele zetu. Si kweli. Kuna “coil”, kuna “spring”, kuna “plait” ya Waingereza na “braid” ya Wamarekani. Suala gumu zaidi ni la mtenda. Nywele zinapo-“cascade” zinatenda zenyewe. Katika kusuka kuna mikono ya mtu. Sisi husema “Asha amesuka” hata kama aliyemsuka ni jirani, na kila mtu anaelewa. Ukiandika “she plaited her hair”, msomaji wa Kiingereza atamwona Asha peke yake mbele ya kioo. Jirani kafutwa, mkeka umefutwa, umbea wote umefutwa! Hata twende kilioni, mtindo unaosukwa harakaharaka watu wawahi msibani, unapoteza maana yake. “She had her hair plaited” inamrudisha jirani barazani. Tofauti ni ya neno moja tu, lakini jamii nzima imo humo.

La tatu ni hukumu iliyojificha ndani ya kitenzi. “Tame” ni kumfuga mnyama wa porini. “Relax”, kitenzi cha kulainisha nywele kwa kemikali, kinadai kwamba kabla ya hapo nywele zilikuwa na ukaidi. Lakini tusijifanye watakatifu: sisi nasi husema “ametia dawa”, utadhani nywele zilikuwa mgonjwa. Mwandishi anayeandika “she relaxed her hair” bila kutafakari anatia sahihi hukumu hiyo.

Chimamanda Ngozi Adichie hakutia sahihi kizembe. Riwaya yake *Americanah* (2013) inaanza na Ifemelu akisafiri kutoka Princeton hadi Trenton kwenda kusukwa, na sehemu kubwa ya masimulizi imejengwa juu ya kiti hicho cha saluni. Kabla ya usaili wa kazi, Ifemelu anatia dawa. Kichwa kinaungua, baadaye nywele zinakatika, mwishowe anazikata. Hapo kile kitenzi cha “kupumzisha” kinasutwa na matukio yenyewe. Huo ndio ufundi: Adichie hakukikimbia kitenzi cha wenyewe, bali amekiweka mahali ambapo uongo wake unaonekana.

Basi wenzangu, tunapohakiki kazi za semina, tuulize mambo matatu: nani anatenda, kitenzi kimetoka wapi, na kinamhukumu nani. Mwalimu wa lugha anaweza kuipa alama zote sentensi yenye “cascade”, kwani sarufi yake ni safi. Mhakiki hana ruhusa hiyo. Kazi yake ni kumuuliza mwandishi kama amewahi kumtazama msichana wake kichwani, au amemsoma tu katika vitabu vya watu wengine.